Pumzi ya Mpiga Tarumbeta

(Mhadhara uliotolewa Tabora mbele ya wanamuziki, walimu wa kwaya na wahudumu wa afya)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu wa Unyanyembe, viongozi wa dini, madaktari na wauguzi mliobadilishana zamu ili mfike hapa, walimu wa kwaya, na ninyi wapiga ala mliokwenda kukaa viti vya nyuma ilhali shughuli hii ni yenu.

Niliombwa nizungumze juu ya muziki wa matarumbeta katika mji huu. Historia yake ni tamu, na ningeweza kuisimulia tu mkaondoka mmeridhika. Lakini kuna upande mmoja ambao tunauona kila Jumamosi kwenye harusi na kila wiki kwenye misiba, na hatuusemi: mpigaji anayepuliza akiwa mgonjwa. Sisemi mafua ya siku mbili. Nasema mtu mwenye presha isiyoshuka, mwenye moyo uliochoka, mwenye kifua kinachokohoa tangu mwezi juzi, naye amesimama mstari wa mbele na shaba mdomoni.

Kusudi langu ni kuonyesha kwamba mtu huyo huwekwa pale na mpango wa kazi yetu kabla ya kuwekwa na ushujaa wake, na kwamba watu wa njia ya misafara iliyopita mji huu walikwisha kuwa na mpango wenye huruma kuliko huu tulio nao leo. Nina hoja tano. Hazilingani kwa urefu, mtanivumilia.

Hoja ya kwanza inahusu mwili.

Gitaa likiegeshwa ukutani lina nyuzi zake zilizokazwa. Ngoma ina ngozi yake. Tarumbeta ni bomba lililo wazi mwanzo na mwisho. Kinachotetemeka ndani yake ni midomo ya binadamu, na kinachoitetemesha ni pumzi inayosukumwa na misuli ya tumbo na mbavu. Tunapozungumza kama ninavyozungumza sasa, mgandamizo wa hewa mdomoni haufiki milimita 10 za zebaki. Mpiga tarumbeta anapopanda sauti za juu kwa nguvu, mgandamizo huo huweza kupita 100. Wauguzi mnaijua namba hiyo, kwa sababu iko kwenye vipimo vya presha mnavyovisoma kila siku.

Hewa ikigandamizwa kifuani namna hiyo, damu inayorudi kwenye moyo hupungua kwa muda, halafu mpigaji akishusha ala damu hurudi kwa kishindo. Ndiyo maana hata kijana mzima huona kizunguzungu akishikilia sauti ndefu. Presha ya ndani ya macho nayo hupanda, jambo ambalo mwenye glakoma hana budi kulijua. Mwenye kisukari ana shida nyingine isiyotajwa: fizi zikiharibika meno hulegea, na bila meno ya mbele midomo haina pa kuegemea. Mwili wenye afya huzoea kazi hii, na wapo wazee waliopuliza miaka hamsini bila kudhurika. Ila mpiga gitaa anayeumwa ataomba kiti, atapiga taratibu, na wimbo utakwenda. Tarumbeta haina namna ya kupigwa nusu. Kama pumzi haitoshi, sauti haitoki, na umati mzima utasikia.

Hoja ya pili ndiyo iliyonifanya nikubali mwaliko huu, na hapa nitakaa.

Mnakaa juu ya barabara kuu ya zamani. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912, pembe za ndovu zilizotoka Ujiji na majora ya vitambaa yaliyotoka Bagamoyo yalipita hapa Unyanyembe juu ya mabega ya watu. Wanyamwezi waliifanya kazi hiyo kuwa fani. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na safari ya kutoka pwani hadi hapa ilichukua miezi. Mbele alitangulia kirangozi, yaani kiongozi wa njia, na bendera, ngoma ikilia, na baragumu la pembe ya mnyama likipulizwa. Kwa hiyo tusidhani muziki wa kupuliza uliletwa Tabora na Wajerumani. Mji huu ulizoea kusikia mtu akipuliza akiwa amechoka kwa miongo mingi kabla ya bendi ya kwanza ya askari kupiga gwaride.

Sasa tazameni nani alibebwa na nani hakubebwa. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika Kaze, mwendo mfupi kutoka hapa tulipokaa, mwezi Novemba 1857. Walipoendelea kuelekea Ujiji, Burton alikuwa amepooza miguu kwa homa na Speke macho yamemvimba, karibu haoni. Safari haikukatika, kwa sababu Burton alikuwa na watu wa kumbeba. Burton huyohuyo ameandika habari za msafara uliopigwa na ndui, na maiti za wapagazi zilizoachwa kando ya njia. Mpagazi hakuwa na machela. Malipo yalikuwa ya mzigo na safari. Mzigo ukifika, ujira upo. Bega likianguka, mzigo huhamia bega jingine na ujira unaufuata.

Nilipolinganisha hesabu hiyo na hesabu ya bendi zetu za mtaani, niliona ni ileile. Bendi inaitwa harusini, kwenye mahafali, kwenye kampeni, kwenye msiba. Malipo ni ya shughuli. Usiku uleule zinatolewa nauli, linatolewa fungu la mwenye ala, kinachobaki kinagawanywa kwa waliopiga. Aliyelala nyumbani anaumwa hana fungu. Na kuna jambo baya kuliko kukosa fungu, ninyi wa viti vya nyuma mnalijua kuliko mimi. Tarumbeta mara nyingi si mali ya mpigaji. Ni ya bendi, ya kanisa, au ya mtu aliyeinunua akaifanya kitega uchumi. Ukikosa wiki tatu, ala yako inapewa kijana mwingine, na ukipona unakuta ameshaizoea. Mtu anayejua hilo atakwenda kazini na homa ya nyuzi 39, na hakuna daktari atakayemshawishi kwa maneno.

Wenzetu wa bendi za Polisi, Jeshi na Magereza ni watumishi. Wakiumwa wana likizo ya ugonjwa na mshahara unaingia. Hata muziki wa dansi uliwahi kuonja utaratibu huo: NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa. Mji huu uliipa nchi Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, majina yaliyosikika redioni nchi nzima, lakini hatukuupa muziki huo mahali pa kulala ukiugua. Mwaka 1993 lilipoundwa kundi la Shikamoo Jazz, likikusanya wapigaji wakongwe kwa msaada wa HelpAge, shirika linalohudumia wazee, wengi walifurahia nyimbo za zamani kurudi. Mimi nilifurahi pia. Lakini nilijiuliza kwa nini ilibidi shirika la wazee liwatafute wanamuziki hawa. Bendi walizozijenga zilikuwa wapi?

Mtaniambia sasa ipo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Ni hatua kubwa na naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini bima hulipa dawa na kitanda. Haimlipi mtu fungu la harusi aliyoikosa. Mgonjwa aliyetibiwa hospitali ya Kitete kwa kadi anarudi nyumbani kwenye sufuria ileile.

Hoja ya tatu: lazima tumwachie mgonjwa haki ya kuchagua, na tujue uchaguzi wa kweli unafananaje. Nitatoa mifano miwili ya nje, kwa kuwa habari zao ziko wazi kwa kila mtu.

Louis Armstrong, yule aliyepiga tarumbeta Leopoldville mwaka 1960 na watu wakambeba juujuu kama mfalme, alikuwa na ugonjwa wa moyo na figo miaka yake ya mwisho. Madaktari walimkataza kupuliza kwa muda mrefu. Akawa anaimba tu, kisha akarudia ala. Machi 1971 alikuwa na mkataba wa wiki mbili katika hoteli ya Waldorf-Astoria mjini New York. Daktari wake alimwonya kwamba angeweza kufia jukwaani. Alipiga siku zake zote, na alipomaliza akalazwa kwa moyo. Alifariki tarehe 6 Julai mwaka huo, nyumbani kwake, akiwa na miaka 69.

Watu husimulia habari hiyo kwa sifa. Mimi sithubutu kumlaumu. Alikuwa na daktari aliyemwambia ukweli mtupu, alikuwa na nyumba, alikuwa na fedha, na mkewe asingelala njaa kama angebaki kitandani. Alijua bei akailipa mwenyewe. Huo ni uchaguzi. Lakini tukimchukua Armstrong tukamfanya kipimo cha mpigaji wa mitaani kwetu, Ng'ambo au Isevya, ambaye hajawahi hata kupimwa presha, tunamdhulumu mtu huyo na tunaiita dhuluma hiyo heshima.

Mfano wa pili uko karibu nasi kuliko unavyoonekana. Armstrong alimpelekea Padre Trevor Huddleston tarumbeta kwa ajili ya vijana wake wa Afrika Kusini, na aliyeipokea alikuwa Hugh Masekela. Huddleston ndiye huyo aliyekuja kuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968. Wazee mliosoma kusini mnamkumbuka. Masekela aligunduliwa saratani ya tezi dume mwaka 2008. Akaendelea kupiga miaka karibu tisa, huku akitibiwa. Mwaka 2016 alifanyiwa upasuaji wa jicho baada ya saratani kuenea. Mwaka 2017 alianguka akiwa Morocco, uvimbe mwingine ukagunduliwa, na Oktoba mwaka huo akautangazia umma kwamba anasimama, akafuta maonyesho, na katika tangazo hilohilo akawahimiza wanaume waende wakapimwe. Alifariki Januari 23, 2018.

Kwa hiyo ugonjwa mkubwa haumfungi mtu moja kwa moja asipige. Kupiga kunaweza kuwa sehemu ya kuishi kwake, na anayemwondolea mgonjwa ala yake eti anamhurumia naye anamkosea. Alichokuwa nacho Masekela, na mpigaji wetu hana, ni matibabu yanayokwenda sambamba na kazi, na uhuru wa kusema hadharani leo siwezi bila kupoteza jina lake.

Hoja ya nne ni fupi, lakini naomba viongozi wa bendi waiandike.

Nimesema mgonjwa achague. Kuna ugonjwa mmoja ambao uchaguzi si wake peke yake: kifua kikuu. Kinaenea kwa hewa. Chumba kidogo cha mazoezi, madirisha yamefungwa ili majirani wasilalamike, watu kumi na wawili wanavuta na kutoa pumzi kwa nguvu saa mbili mfululizo: hakuna mahali panapofaa zaidi kwa vijidudu hivyo. Mwenye kikohozi cha wiki mbili na zaidi aende akapime makohozi, na bendi imsindikize, isimfukuze. Zamani mgonjwa alipelekwa mbali, kama Kibong'oto kule Kilimanjaro, hospitali iliyoanza mwaka 1926, na kijijini wakamhesabu amekwenda. Leo dawa ni bure, kwa kawaida ni za miezi 6, na kwa wengi, vijidudu visipokuwa sugu, baada ya wiki chache za kwanza za dawa sahihi uambukizaji huisha. Tena tuna jambo la kujivunia: mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma uliozinduliwa mwaka 1977, aliousaidia Dk. Karel Styblo, ndio uliokuja kuwa mfano ambao Shirika la Afya Duniani lilisambaza ulimwenguni. Dunia ilijifunza kutoka Tanzania namna ya kumfuatilia mgonjwa hadi amalize dozi. Bendi ya watu kumi na wawili haishindwi kumfuatilia mmoja wao.

Na ala zenu zioshwe ndani. Mwaka 2010 madaktari wa Marekani waliandika habari za mpiga tromboni aliyekohoa kwa takriban miaka kumi na mitano bila kupata jibu. Walipochunguza tromboni yake wakakuta bakteria na ukungu vimejaa bombani. Alipoanza kuisafisha mara kwa mara, kikohozi kikaisha. Maji ya uvuguvugu, sabuni, brashi ndefu. Basi.

Hoja ya tano inarudi njiani.

Nimeusema msafara vibaya. Haki yake nyingine niitaje. Wapagazi hawakukaa wakisubiri huruma ya mwenye mali. Walijigawa katika kambi, watu wachache wanaopika pamoja na kulala pamoja, na mwenzao akiugua kambi ilimpikia na kugawana mzigo wake. Zaidi ya kambi kulikuwa na utani. Mnyamwezi akifika kwa Wazaramo alikuta watani. Wakamchokoza, wakampokonya kuku, lakini akifa ndio waliosimamia mazishi. Watu tunaucheka utani siku hizi kana kwamba ulikuwa maneno ya kufurahisha baraza. Ulikuwa bima ya njia ndefu, na uliandikwa na watu wasio na mali nyingine zaidi ya miguu yao.

Kisha likaja beni, aina ya ngoma. Lilizaliwa pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, likiiga bendi za kijeshi, na vyama vyake vya Marini na Arinoti vikashindana kwa mavazi, vyeo na gwaride. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipopita hapa, ikachukua wapagazi wa jeshi kwa mamia ya maelfu na kuwaua kwa maradhi kuliko kwa risasi, beni likasafiri pamoja na walionusurika. Askari wa Kiafrika wa kamanda Mjerumani von Lettow-Vorbeck waliposalimu amri Novemba 1918 waliletwa kuwekwa kambini hapahapa Tabora, wakati homa ya mafua ya mwaka ule ikiua watu nchi nzima. Katika miaka hiyo ya vifo ndipo Marini na Arinoti waliposhika mizizi bara. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyechapisha mwaka 1975 kitabu kizima juu ya beni, anaonyesha kwamba vyama hivi havikuwa vya kucheza tu: vilisaidiana, vilihudumia wagonjwa, vilizika wanachama wao. Pale ambapo shaba haikupatikana, watu walipuliza vibuyu. Chama kilikuwepo hata tarumbeta ilipokosekana.

Mtoto mmoja wa beni ni ngoma ya kalela, iliyochezwa na vijana wa migodini Zambia. Mwanaanthropolojia Clyde Mitchell aliitazama Luanshya mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaandika kwamba kati ya wachezaji wanaume kulikuwa na mmoja aliyevaa joho jeupe, anaitwa daktari, akipita katikati yao kuwatia moyo, na mwanamke mmoja, nesi, aliyebeba kioo na leso ili wachezaji wajitengeneze. Naona wauguzi mnaangaliana. Walikuwa vibarua, daktari wao hakuwa na dawa, lakini walipopanga ngoma yao waliona haijakamilika bila mtu wa kuwaangalia wachezaji. Kanisa la Moravian, lililopokea misheni ya Urambo mwaka 1898, nalo lilikuja na desturi ya Herrnhut, Ujerumani, ya kupiga matarumbeta kutangaza kifo cha muumini. Bendi zetu za makanisa zinajua kumsindikiza aliyekufa. Kazi iliyobaki ni kwa walio hai.

Napendekeza mambo manne, na yote yanaanzia hapa Tabora, bila kusubiri wizara.

Kwanza, kila bendi iwe na mpigaji wa akiba kwa kila ala ya mbele, kijana anayefundishwa na mwenye ala mwenyewe, kwa makubaliano yaliyoandikwa kwamba mgonjwa akipona anarudi kwenye nafasi yake. Pili, kila malipo ya shughuli yatolewe fungu moja la mgonjwa kabla ya kugawana, awepo mgonjwa asiwepo; asipokuwepo, liwekwe. Fedha hizo ndizo zitakazolipia pia kadi za bima za familia za wapigaji. Tatu, ndugu zetu wa Kitete na zahanati za kata watupe siku moja kila baada ya miezi mitatu wapime presha, sukari na makohozi mahali pa mazoezi, jioni, kwa sababu asubuhi wapigaji wengi wako kwenye vibarua. Nne, bendi za mji huu zifungamane kama watani walivyofungamana: bendi moja ikipungukiwa na mpigaji mgonjwa, nyingine imkopeshe wake, na jina la mgonjwa litajwe pale harusini ili watu wajue yuko wapi.

Msimu wa harusi utaanza baada ya mavuno. Nawaomba viongozi wa bendi mliopo msiondoke kabla hatujapanga tarehe ya kikao cha kwanza. Mwenyekiti ana daftari pale mezani, na mwalimu mmoja wa kwaya amekubali kuwa katibu. Andikeni jina la bendi, idadi ya ala, na majina ya vijana mtakaoanza nao. Wauguzi nao waandike siku wanazoweza. Maswali nitayapokea sasa, na ningependa la kwanza litoke viti vya nyuma.